Mlango wa Paraskevi

Mwaka ule Paraskevi alikuwa na neno moja tu moyoni: siku ya jina lake, yaani sikukuu ya mtakatifu aliyeitwa kwa jina lake, mlango uwe wazi. Hakutaka zawadi, wala kupelekwa kula samaki bandarini kwenye zile meza za watalii, ambako samaki mmoja anauzwa bei ya mbuzi. Alitaka mlango tu. Kwetu Hania, mji wa bandari, siku ya jina la mtu hakuna anayealikwa. Unakwenda mwenyewe. Ukikuta mlango wazi unaingia, unaketishwa, unaletewa cheri zilizopikwa kwa sukari, maji baridi na kikombe kidogo cha raki, ile pombe kali ya zabibu. Unamwambia mwenye jina aishi miaka mingi, unasengenya kidogo, unakwenda zako. Ukikuta mlango umefungwa, basi nyumba ile ina msiba, na hugongi. Hata mtoto mdogo analijua hilo.

Na mlango aliouwazia ulikuwa ule wa mtaa wa kale wa Topanas, kwenye kichochoro cha nyuma ya bandari, nyumba aliyozaliwa yeye na dada yake Anthoula. Anthoula aliolewa Melbourne akiwa msichana, akabaki huko. Nyumba akapewa Paraskevi alipoolewa, naye akampa binti yake Argiro siku ya harusi, maana kwetu nyumba humfuata binti. Hakuna aliyemdanganya. Alitia sahihi huku akilia kwa furaha, na mtu akimwonea huruma kwa hilo alimjia juu.

Walikaa pamoja miaka mingi, vizuri tu. Kisha mkwewe Stratis akatazama kichochoro, akaona kila mlango umewekewa kitasa cha kubonyeza namba, kila dirisha limeanikwa taulo za wageni, akasema sisi peke yetu ndio wajinga hapa. Wakapaka kuta chokaa nyeupe ili waipangishe kwa watalii. Picha za harusi zikaenda kwenye maboksi. Ukutani Stratis akatundika nyavu za kuvulia, eti wageni wanapenda mambo ya kale. Nyavu, jamani! Baba yake Paraskevi alikuwa mshona viatu, bahari aliiogopa, hata miguu hakulowesha. Paraskevi akahamishwa, wakaenda na binti yake kukaa ghorofani, nyuma ya kituo cha mabasi. Kila asubuhi alishuka Topanas kuwakandia wageni mikate ya jibini. Wageni waliipenda mno, na Argiro alikuwa akiwaambia kwamba bibi anaipika kwa mapenzi.

Tangu masika Paraskevi alimwambia bintiye: siku ya Mtakatifu Paraskevi usimpangishe mtu, nataka kupokea watu wangu. Argiro akaitikia. Julai ilipofika, nyumba ilikuwa na familia ya Waholanzi, baba, mama na watoto warefu kama nguzo. Argiro akasema vyumba vya juu ni vyao, lakini sebule ya chini ni ya mama, na wageni watashinda pwani. Hakubisha, hakununa, hata sinia alilisugua yeye mwenyewe. Paraskevi aliona binti yake ana haya, akamsamehe. Laiti angejiuliza.

Basi asubuhi ile alirudi kutoka kanisani, akavaa gauni lake la samawati na hereni za mama yake, akafungua mlango wote, akaketi kando yake na sinia mezani. Alikuwa amepika cheri kilo tatu. Jambo moja tu lilimtia doa: Anthoula, ambaye hupiga simu kabla ya jogoo, hakupiga. Argiro alishasema kwamba watoto wake wamemtembeza kaskazini, huko simu hazishiki. Paraskevi alimkasirikia dada yake kidogo, kwa mapenzi, kama wanavyokasirikiana ndugu. Uzee huu, akawaza, ndio anaanza utalii.

Saa zikapita. Kwa kawaida, kabla ya adhuhuri mwenye duka la mkate angekuwa ameshaingia na mkewe, na binamu yake wa mtaa wa Splantzia, na wale mabinti wa fundi saa. Hapakuja mtu. Watalii ndio waliopita, wakampiga picha. Wawili wakaingia wakidhani ni mgahawa, wakala cheri, wakauliza bei kwa vidole. Akawapungia mkono kwamba ni bure, ni sikukuu. Wakacheka, wakaacha sarafu kwenye sinia. Paraskevi akazitazama zile sarafu. Akajipa moyo: jua kali, watakuja likipungua.

Aliyekuja mwishowe ni Fotini, jirani yao wa zamani, ambaye siku hizi anaishi kwa mwanawe kule Suda, nje ya mji. Alikuwa ametoka kanisani, amevaa nyeusi, na hakuwa na nia ya kuingia. Alipita tu. Alipouona mlango wazi na Paraskevi amejipamba na sinia mbele yake, alisimama kama aliyepigwa kofi.

"Karibu, shoga, umenitupa," Paraskevi akamwambia. "Kaa. Wote leo wamenisusa."

Fotini hakukaa. Alimshika mikono miwili, machozi yanamtoka, akasema, "Mungu akupe umri umkumbuke, mwenzangu."

Maneno hayo sisi hatuyasemi sikukuu. Tunayasema makaburini.

"Nimkumbuke nani?" Paraskevi akauliza, na sauti yake ilikuwa tayari inajua.

Maskini Fotini, alisikia habari dukani, na hakuna aliyemwambia kwamba ni siri. Wengine wote walijua. Argiro aliwapitia nyumba kwa nyumba: dada yake mama amefariki Melbourne, lakini mama asiambiwe, moyo wake si mzima, nitamwambia mwenyewe msimu wa watalii ukiisha. Wakakubali, maana ndiyo tabia yetu hii, wazee tunawaficha vifo vyao kana kwamba ni watoto. Kisha siku ya jina ikafika, nani angeweza kuingia na kumtakia miaka mingi mtu aliyefiwa? Kila mmoja akajifungia kwake. Wema mtupu! Wakamwacha mwanamke mzima ajitie hereni na kugawa cheri mtaani katikati ya msiba wake.

Argiro alipofika alimkuta mama yake amesimama, hereni ziko mezani.

"Tangu lini?"

"Mama, kaa kwanza."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Sikukuu ya Petro na Paulo," Argiro akasema, akaanza kulia. "Niliogopa moyo wako, mama."

Paraskevi akahesabu. Ilikuwa karibu mwezi. Siku ya tatu ilikuwa imepita, na ya tisa, siku ambazo ndugu huwasha mshumaa na kumwombea maiti wake kanisani.

"Na siku hizo mimi nilikuwa wapi, Argiro? Siku ya tisa ya Anthoula nilikuwa nafanya nini?"

Argiro akajifuta machozi kwa kiganja. 

"Ulikuwa hapa," akasema. "Ulikuwa unakanda."

"Nilikuwa nakanda," Paraskevi akasema. "Ningejua, nisingekanda. Huo ndio moyo wangu uliouogopa."

Akamsukuma binti yake nje, bila nguvu nyingi, akausukuma na mlango, ukajifunga. Akatafuta komeo la zamani kwa vidole, hakulipata. Stratis alikwisha kuling'oa. Basi akaketi sakafuni chini ya zile nyavu, akaanza kumlilia dada yake kwa sauti, akimwita kwa jina la utotoni, akimwuliza ni nani aliyemfumba macho.

Jioni Waholanzi walirudi kutoka pwani, wakabonyeza namba zao, mlango ukafunguka. Walimwona bibi sakafuni, wakanong'onezana, wakavua viatu, wakapanda ngazi kwa adabu mmojammoja. Walikuwa watu wema.

Argiro aliingia nyuma yao. Alichuchumaa karibu na mama yake muda mrefu, akamfuta uso, akamwomba radhi, na radhi ile ilikuwa ya kweli. Kisha, kwa sauti ya chini sana, akauliza, "Na kesho asubuhi, mama? Utaweza?"

Paraskevi akamwita tena dada yake kwa jina la utotoni. Argiro akachukua mkoba wake, akaenda kuwanunulia wageni mikate ya dukani.