Jani kwenye Sahani ya Baba Mkubwa

Pasaka za utotoni mwangu zimechanganyika zote zikawa moja: mvua ya masika juu ya bati, Mlima Meru umejifunika mawingu hadi magotini, harufu ya pilau imepenya mpaka kwenye mashuka. Nikifumba macho siwezi kusema ipi ilikuwa ya mwaka gani. Isipokuwa ile ambayo baba mkubwa alikuja kula kwetu Elerai. Hiyo naijua, kwa sababu meza niliipamba mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka ya mjini yameanza kujaa tena, na jirani yetu alikuwa amenunua maua mekundu ya plastiki ambayo aliyaosha kwa sabuni kila Jumamosi. Niliyaonea wivu hadi nikayaota. Nilipomwomba mama na sisi tununue, alinijibu kwamba ua lisilonukia ni uongo, tena uongo wa kuvuta vumbi. Akanikabidhi kitambaa chake cheupe cha kufuma, mengine nitajua mwenyewe.

Baba mkubwa, kaka wa baba, ndiye aliyebaki Kilimanjaro kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo. Walikuwa hawajasemeshana miaka mitatu kwa ajili ya mpaka. Baba, kwa hasira, aling'oa mimea ya mpakani mbele ya macho ya kaka yake, na kila mtu nyumbani alijua kosa ni lake, yeye mwenyewe akiwemo. Lakini baba aombe radhi? Bora umwombe Meru asogee. Mama ndiye aliyemwalika shemeji yake, na asubuhi ile alimwambia baba, "Akiondoka leo hivi hivi, hatarudi tena hapa." Baba akaendelea kung'arisha viatu.

Tuliporudi kutoka kanisani, mawaridi ya mama yalikuwa yamelazwa na mvua. Basi nikakata masale, yale majani marefu ya kijani ambayo mama aliyapanda kando ya ua. Niliyafuta maji moja moja kwa kanga. Saa ile naikumbuka kama mtu anavyokumbuka usingizi mtamu: mwanga wa kijivu umejaa chumbani, mvua imepungua, sahani za wageni zimetoka kabatini na ubaridi wake, nami nazunguka meza miguu mitupu, nikijiona fundi. Majani mengi niliyapanga katikati. Moja, zuri kuliko yote, nililifunga fundo lifanane na utepe wa zawadi, nikaliweka kwenye sahani ya mgeni.

Mchaga yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Mimi nilizaliwa mjini, Kichaga changu kiliishia kwenye salamu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kwetu mtu aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani la sale lililofungwa fundo, na mwenzake akishalipokea hana budi kusamehe.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba."

Alivua kofia, akaketi nilipomwonyesha, akaliona lile jani. Mama alitoka jikoni na bakuli la machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, akasimama mlangoni. Baba, upande wa pili wa meza, aliliangalia jani, kisha akaniangalia mimi, nikajua nimeharibu kitu ingawa sikujua ni nini. Angesema tu kwamba huo ni mchezo wa mtoto, yangeisha. Niliona maneno yakimfikia mdomoni. Kisha akavuta kiti chake.

"Karibu chakula, kaka," alisema.

Baba mkubwa alilichukua jani kwa mikono miwili, akalitia mfuko wa ndani wa koti. "Asante," akasema. Wakala. Waliongea juu ya mvua, juu ya ng'ombe aliyezaa mapacha, mambo madogo madogo, kwa sauti za chini. Mama alirudi jikoni akakaa huko muda mrefu. Nilipomfuata alikuwa analia, akasingizia vitunguu, kisha akanishika mashavu na kunieleza nilichokifanya.

Jioni nilimsindikiza baba mkubwa hadi barabarani. Tulipofika mbali kidogo na nyumba alilitoa lile jani, akaligeuzageuza.

"Fundo hili umelifunga wewe," alisema. "Mimi na baba yako tulifundishwa siku moja. Yeye hafungi hivi."

Niliinamisha kichwa.

"Usimwambie kama najua. Niahidi. Na mimi nimechoka, mwanangu."

Nikaahidi. Kuanzia hapo baba alipanda kwenda kihambani kila Krismasi kula na kaka yake, miaka ishirini. Walizeeka wakitaniana. Halafu baba akaugua, na siku moja, nikiwa nimeketi kando ya kitanda chake, akaniambia kuna jambo moja linamnyima amani: kwamba msamaha wa kaka yake aliupata kwa mchezo wa mtoto, na huyo kaka hajui. Nilikuwa na jibu mdomoni, na baba mkubwa alikuwa bado hai, na nilikuwa nimeahidi. Nikamnywesha baba uji, nikanyamaza, na hilo nalijutia hadi leo.