Mke wa Nderumaki Hana Jiwe

Shangazi yangu Aikande alikuwa muuguzi miaka thelathini na minane, na sijawahi kumwona akimezea uongo. Mwaka jana ukoo wetu ukataka amezee mmoja mkubwa.

Kaka yangu Godwin, mwenyekiti wa ukoo, alichongesha jiwe huko Bomang'ombe, la kuweka kihambani, kwenye shamba letu la urithi la migomba, juu ya kaburi la babu mkuu Nderumaki: "Shujaa. Aliuawa kwa risasi akipigana na Wajerumani."

Risasi ipi, jamani? Shangazi alilelewa na bibi yake, na bibi alimsimulia bila kumficha. Wanaume tisa wa kijiji chetu walikufa katika vita vile, na aliyepigwa risasi ni mmoja tu. Wanane waliuawa na tumbo, kwa kunywa maji machafu huko walikopiga kambi. Nderumaki alirudishwa amebebwa, anaharisha damu. Mkewe akamwosha, akamfulia nguo, na wiki haikuisha naye akafa kwa ugonjwa huohuo.

"Sasa shangazi, tuandike babu alikufa kwa kuhara?" Godwin alimuuliza kwenye kikao. "Si watatucheka?"

"Wacheke! Nimefunika watoto wangapi mimi waliokufa kwa kuhara, na hakuna aliyecheka. Na yule mama aliyemwosha, mbona hayumo kwenye jiwe?"

Wakahamia kwenye ajenda ya maturubai ya sherehe ya uzinduzi. Nilikasirika kweli. Wanaume wazima, tena wasomi, wanaona aibu ya kinyesi cha mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita!

Siku ya kuzindua jiwe, Godwin alimwendea shangazi mbele ya watu wote, ameshika jani la isale. Kwetu ukiletewa isale umeombwa msamaha, na kuukataa ni mwiko. Ujanja gani huo! Kosa hataki kulirekebisha, anataka tu kumfunga mama wa watu mdomo.

"Shikamoo shangazi. Nimekuletea isale, tuyamalize."

"Marahaba. Mimi hujanikosea, mwanangu. Mpelekee yule mama."

Godwin akacheka kidogo, akaona shangazi hacheki. Akageuka, akaangalia migomba upande huu na upande ule.

"Kaburi lake liko wapi?" akauliza.

Ukoo mzima tulikuwa pale, wazee kwa watoto, na mimi mwenye hasira zangu nikiwemo. Hakuna aliyejua.