Mimi ndiye niliyesema Masanja atolewe kwenye mashine, Bariadi

Wakuu, heshima kwa wakubwa, salamu kwa rika langu.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo naandika jambo lililonipata mwenyewe. Majina nimebadilisha. Yaliyobaki ni kama yalivyotokea, hata pale ninapoonekana vibaya.

Nimeona mijadala mingi kuhusu mgonjwa aliyeharibika ubongo: je, ni halali familia kukubali atolewe mashine ya kupumulia? Wengi wanajibu kwa hasira, na wengi hawajawahi kusimama pale. Mimi nimesimama.

Nianze na safari.

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, nilimaliza form four nikaishia hapo. Sijui kukaa mahali pamoja. Tunduru nimechimba, Mererani nimechimba, Ifakara nimeendesha mashine ya kukoboa mpunga. Kila nilipoondoka nimepakumbuka mpaka nikakosa hamu ya kula, na kila niliporudi nimekuta si pale tena. Huo ndio ugonjwa wangu, nimeshauzoea.

Nikiwa Ifakara nikasikia kwamba Simiyu mpunga umekubali na mafundi mashine ni wachache. Nikabeba begi na boksi la spana. Ifakara hadi Morogoro, Morogoro hadi Dodoma. Kufika Singida basi likaharibika, tukashinda pale tunaangalia dereva akipigana na gearbox. Shinyanga nikabadilisha gari. Nilipofika Maswa miguu ilikuwa imevimba, viatu haviingii. Nikalala gesti moja mtaa wa Binza.

Asubuhi niko kwenye mgahawa, nauliza njia ya Bariadi. Jamaa wa meza ya pili akaniuliza kabila langu. Nikamwambia. Akaweka kikombe chini.

"Mzaramo? Mashamba yenu mmeshauza mkachezea ngoma. Sasa umekuja kuuza ya kwetu?"

"Nimekuja kuwafundisha kula. Nasikia nyie hata harusini mnapeana michembe, viazi vikavu."

Alicheka mpaka mwenye mgahawa akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Huyo ndiye Masanja. Alikuwa na mashine ya kukoboa na kusaga pale Dutwa, Bariadi, na fundi wake alikuwa ameondoka wiki ileile. Mchana nikawa nyuma ya pikipiki yake, boksi la spana mapajani.

Kwa wasiojua: Wazaramo na Wasukuma ni watani. Mtani anaweza kukusema mbele ya mkweo na usikasirike. Anaweza kuondoka na kuku wako. Msibani ana kazi yake kabisa: anamuigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Na kubwa kuliko yote, neno la mtani halishikwi. Likisemwa limesemwa, hakuna wa kumdai.

Nilikaa Dutwa miaka sita. Hakuna mahali nimekaa miaka sita tangu nitoke kwa mama yangu.

Kila asubuhi nilipita kwa mama yake Masanja, tulimwita Mayu Nyanzobe; mayu ni mama kwa Kisukuma. Nikimpa salamu yao ya asubuhi, "Mwangaluka, mayu," ananijibu kwa Kiswahili ili niumie vizuri: "Umeamka? Nilidhani umekufa, nilishaanza kufurahi."

Mke wa Masanja ni shemeji Suzana. Mtu wa maneno machache. Nikiumwa, yeye ndiye aliyekuwa anaendesha mashine, na wateja walikuwa wanasema unga wake ni laini kuliko wangu.

Sasa tukio lenyewe.

Ilikuwa msimu wa pamba. Masanja alipanda juu ya lori lililojaa pamba ili afunge turubai. Kamba ikakatika mkononi mwake, akaanguka kinyumenyume, kisogo kikatangulia. Hakuna wa kulaumiwa. Kamba ilikuwa kuukuu, na kila mtu alikuwa ameitumia.

Tukamkimbiza hospitali. Sitaitaja, na sina lawama nayo hata moja. Walimpiga CT scan, wakampasua kutoa damu iliyoganda, wakamweka ICU kwenye mashine ya kupumulia.

Siku ya tisa daktari akaita familia. Dada mmoja mdogo kwa umri, mpole, ila haogopi macho ya mtu. Tulioingia chumbani tulikuwa Mayu Nyanzobe, baba mkubwa wa Masanja aitwaye Mzee Maduhu, wajomba wawili na mimi. Shemeji Suzana alikuwa nje, nyuma ya jengo, anapikia ndugu waliotoka vijijini. Sikuona ajabu yoyote.

Daktari alisema wazi. Ubongo umeharibika sehemu kubwa sana. Macho hayajibu mwanga. Kupumua mwenyewe ni kidogo mno. Madaktari watatu wamemwona kwa nyakati tofauti na wamekubaliana: Masanja tunayemjua hatarudi. Mashine inaweza kumweka hivyohivyo wiki au miezi, mpaka kitu kingine kimchukue. Familia ikiridhia, wataitoa, watampa dawa ili asiteseke, na watamwacha.

"Tukiitoa anakufa hapohapo?" Mzee Maduhu akauliza.

"Sijui, mzee. Inaweza kuwa dakika. Inaweza kuwa saa nyingi, hata siku. Akiendelea kupumua kidogo msidhani amepona."

"Kuna mgonjwa mwingine anaisubiri hiyo mashine?"

"Hata kama asingekuwepo mwingine dunia nzima, ningewaambia hivihivi."

Mayu akauliza swali moja tu. "Anasikia njaa?"

"Hapana, mama."

Tukatoka. Mzee Maduhu akasema tumsubiri shangazi anayetoka Magu. Shangazi akaja, akaingia, akatoka amejifunika kanga usoni. Basi tumsubiri mdogo wake Masanja aliyeko Kahama. Akaja, akamwona, akakaa na wengine. Zikapita siku nne. Kila mmoja alijua jibu na kila mmoja alikuwa anatafuta mtu ambaye bado hajafika.

Mimi niliingia kumwona kila siku. Kifua kinapanda na kushuka, kimo kilekile, mwendo uleule. Nimeishi na mashine maisha yangu yote, naijua inayozunguka bila mpunga.

Kabla hamjauliza: habari ya bili haikuzungumzwa, na haikuwa hoja.

Mayu alienda kumwona padri. Padri akamwambia kuacha tiba isiyomrudishia mgonjwa kitu si kuua, mradi hakuna anayetamani kifo chake, ila uamuzi ni wa familia. Mayu akarudi na mzigo wake uleule.

Siku hiyohiyo akaniita pale kwenye mabomba ya maji, ndugu wanapofulia nguo.

"Mzaramo."

"Naam, mayu."

"Sisi hatuwezi kusema. Mimi nilimzaa. Nikisema, watu watasema nimemla mwanangu. Maduhu akisema, watasema anataka kurithi ng'ombe. Wewe ni mtani."

"Mayu, hili si la utani."

"Ndiyo maana nakutuma. La utani ningesema mwenyewe."

Nilizunguka uwanja wa hospitali mara mbili. Sikuwa nafikiria kama daktari amekosea, nilimwamini na bado namwamini. Nilikuwa nafikiria kama naweza kutoa sauti.

Kesho yake asubuhi ndugu wamekaa kwenye mikeka. Nikasimama.

"Nyie Wasukuma mna roho ngumu. Mtu amelala hajiwezi bado mnambebesha mzigo wa kupumua. Muacheni Masanja ashuke. Mashine itolewe."

Mjomba mmoja alicheka, halafu kicheko kikamgeukia kikawa kilio. Mzee Maduhu akasema, "Mtani amesema." Na wengine wakapokea, mmoja baada ya mwingine: mtani amesema. Mzee Maduhu akaenda kuweka sahihi. Niliona mabega ya Mayu yakishuka, kama mtu aliyetua ndoo.

Wakaitoa asubuhi ileile.

Masanja akapumua.

Wakuu, hapo ndipo palipo na mtihani. Alipumua mwenyewe, taratibu, kwa kukoroma kidogo. Ikafika adhuhuri anapumua. Ikafika jioni anapumua. Shangazi wa Magu akaanza: "Mbona anapumua? Si mlisema hawezi?" Akiuliza ananiangalia mimi.

Daktari alikuwa ametuambia. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Lakini kusikia ofisini ni kitu kimoja, na kusimama kitandani ukihesabu pumzi za rafiki yako ni kitu kingine. Kesho yake asubuhi nilimfuata daktari nikamuuliza kama tunaweza kuirudisha.

Hakunifokea. Alinipeleka kitandani, akamfunua Masanja jicho, akalimulika na tochi. Akafanya hivyo na la pili.

"Umeona kitu kimesogea?"

"Hapana."

"Hata kabla ya jana hakikusogea."

Nikatulia. Mchana Masanja akaacha kupumua, mke wake amekaa miguuni pake, amemshika kifundo cha mguu.

Nawaambia bila kupepesa: ulikuwa uamuzi sahihi. Hatukumuua Masanja. Lori na kamba vilishafanya kazi yao. Sisi tuliacha kuuzuia mwili usiende ulikokuwa unakwenda. Mwenye hoja tofauti ailete, nitaisoma, ila nimeshaipima miaka na sijaona penye tundu.

Nilikokosea ni pengine.

Tulimzika Dutwa. Kaburi liko wazi, watu wamejaa, na wote wanamsubiri mtani. Nilitakiwa nishuke, nilale mle ndani, niwaambie Wasukuma kwamba mtu wao ni mzito kwa sababu ya michembe. Mzee Maduhu akanipa ishara kwa fimbo. Nikasogea mpaka ukingoni. Mdomo ukakataa. Nikasimama pale nalia kama ndugu wa damu, halafu nikarudi nyuma.

Neno langu la hospitali lilikuwa halishikwi kwa sababu lilikuwa la mtani. Siku nilipokosa kutania, likashikwa.

Hakuna aliyenitukana. Hilo ndilo lililouma: waliacha kunitukana. Wateja wakifika mashineni wananisalimia kwa adabu kama mwalimu mgeni. Nikipita sokoni nasikia, "Huyo ndiye aliyesema." Na Mayu Nyanzobe, aliyenituma kwa mdomo wake mwenyewe, nikimwambia mwangaluka ananijibu, "Mwangaluka, baba." Basi. Hanitakii kifo tena.

Sikumsema. Mpaka leo pale Dutwa hawajui kama nilitumwa. Mzigo aliuweka kwangu kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuuweka.

Nilivumilia miezi minane, nikaamua kuondoka.

Siku ya mwisho nilikuwa mashineni na shemeji Suzana, namkabidhi. Nikamwonyesha mkanda unaolegea, nikamwonyesha mahali oili inapovuja. Alikuwa anavijua vyote. Akaniacha nimalize, halafu akasema:

"Shemeji, kabla hujaondoka, niambie daktari alisema nini. Yote, tangu mwanzo."

Nikadhani anataka kukumbuka tu. Nikaanza: ubongo, macho, madaktari watatu. Nikafika pale pa dakika au siku. Akanisimamisha.

"Alisema anaweza kupumua baada ya kutolewa?"

"Alisema. Alisema hata siku nzima."

Akakaa juu ya gunia.

"Mimi niliambiwa mtani amesema, basi. Nikaingia nikamkuta anapumua. Nikajua mmemuua mtu aliye hai. Miezi yote hii nimekaa na wewe hapa nikijua hivyo, nakuletea chai."

Nikaweka spana chini.

"Ningeambiwa, ningesema itolewe," akasema. "Ningesema siku ileile ya kwanza. Masanja alikuwa hataki hata kuonekana amelala mchana. Ningesema mbele ya Maduhu, mbele ya mama, mbele ya wote. Mimi siogopi kusemwa."

"Nisamehe, shemeji."

"Lakini hamkuniuliza. Nilikuwa napika."

Akanyanyuka akawasha mashine, kulikuwa na wateja wawili wanasubiri. Kwa kelele ile hatukuweza kuongea tena. Nilichukua begi langu nikatoka barabarani, nikapanda basi la kwenda Lamadi. Sijarudi.

Somo langu ni hili, wakuu. Tulikaa siku nne tunatafuta mtu wa kusema, tukakopa mdomo wa mgeni, na mwenye neno alikuwa hatua thelathini kutoka pale, mbele ya sufuria. Kumtoa mgonjwa mashineni kunaweza kuwa sawa kabisa, na bado mkamkosea mtu aliye hai na mzima.

Kwa hiyo nauliza wenye familia. Ikitokea kwenu kesho, nani ataitwa chumbani kwa daktari, na nani ataachwa nje? Andikeni, hata wa kunilaumu aandike. Ila kwanza mgeukie mtu unayelala naye, umuulize yeye angesemaje.