Mahindi Yalikuwa ya Nani

Jumatatu asubuhi binti wa mtu niliyemjua miaka mingi alinipigia simu. "Papa alituacha, leo asubui, pa hopitale," akasema, kisha akaongeza kwamba familia inaniomba niandike historia ya marehemu, ile inayosomwa makaburini, maana mimi ni mtu wa kalamu na baba yake aliniheshimu. Nilimwambia pole. Nilimwambia nitakuja. Kisha nilibaki nimekaa na simu mkononi nikiona haya, tena haya ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atazame sakafu akiwa peke yake chumbani. Wasomaji wangu wa kila juma mtanisamehe basi, leo sina hamu ya kuwachambulia mambo ya mji.

Wapo kati yenu wanaomkumbuka bila kumjua. Miaka kadhaa iliyopita niliandika katika ukurasa huu habari za mtu mmoja wa hapa Lubumbashi, mwenye kamio moja ndogo, yaani lori, aliyebandika orodha ya bei mlangoni mwa gari lake ili kila mteja aisome kabla ya kufungua mdomo. Nilimsifu sana, na kusema kweli nilijisifu mwenyewe zaidi, kwa kuwa orodha ile tuliitengeneza pamoja, mezani kwangu. Kabla ya hapo alipanga bei kama wenzake wote wanavyopanga, kwa kumtazama mtu usoni. Mwenzake wa kanisani alilipa nusu, shemeji alitia mafuta tu, na mgeni ndiye aliyebebeshwa hasara ya wote. "Yaya," aliniambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "kamio inatembea kila siku, mais miye niko fasi moja." Yaani lori linazunguka, lakini mwenyewe hasogei. Basi tukaandika yote yanayokula hela ya mwenye gari: mafuta, matairi, péage au ushuru wa barabara, siku za kulala kwa fundi, matope ya njia ya Kasomeno wakati wa mvua. Kazi ile ilimfurahisha kama mtu anayejengewa nyumba. Likabaki jambo la bima.

Fomu ya bima iliuliza swali moja la maana: gari litabeba mali ya nani? Anayebeba mali yake mwenyewe hulipa kidogo. Anayebeba mali ya watu kwa malipo hulipa zaidi, tena zaidi kwelikweli, kwa sababu mizigo ya watu ikiharibika ni lazima watu hao walipwe. Sasa, hapa kwetu wenye kamio ndogo karibu wote huandika kwamba mali ni yao. Wala hatuoni kuwa ni uongo. Ni namna ya kuishi tu: kwenye kizuizi dereva husema magunia ni yake, na mwenye magunia aliyekaa juu ya mzigo husema yeye ni dada wa dereva, na polisi anayejua kila kitu anatikisa kichwa na kuwaacha wapite. Lakini yeye alisita. "Yaya, ile mizigo haiko yangu. Iko ya bantu." Ni ya watu, kweli, lakini nikacheka. Nilimwambia wale wa bima wanataka hela tu, hakuna anayezisoma karatasi zile. Nikaandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri ambao mapadri walinichapia fimbo mpaka nikaupata, kwamba gari litabeba mali ya mwenye gari. Akatia sahihi pale nilipomwonyesha kwa kidole. Na kwa kuwa bima ilishuka, tukashusha na bei zote kwenye orodha, wateja wakaja wengi. Bei zile nafuu ndizo nilizowasifia ninyi gazetini, nikasema tazameni, akili kidogo tu na hesabu.

Msimu wa mvua uliofuata alikuwa akitoka Kasomeno na mahindi ya akina mama watatu, wauzaji wa sokoni, waliokuwa wametia mtaji wao wote katika safari ile moja. Kamio iliteleza ikalala ubavu mtaroni. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Akina mama walikuwa wamepanda gari lingine lililokuwa nyuma, wakafika na kukuta magunia yamepasuka na maji yanapita juu yake. Mvua haikukatika siku mbili, na ilipokatika mahindi yalikuwa yananuka. Siku ya tatu bima ilimtuma mtu wake kwenda kuona. Saa nne asubuhi simu yangu ikalia.

"Yaya, huyu wa asiransi anauliza mahindi iko ya nani. Nijibu je?"

"Sema ni yako," nikamwambia, haraka, kama mtu anayeulizwa saa ngapi.

"Ba mama beko hapa. Beko banaangalia mahindi yabo."

"Waache waangalie. Sema ni yako, ulipwe, halafu utawapa chao. Nani atajua?"

Nilisikia watu wanaongea nyuma yake. Kisha akasema taratibu, bila hasira, "Hapana, yaya. Hiyo siwezi," na simu ikakatika.

Alimwambia yule mtu ukweli, na kampuni ya bima haikulipa kitu, maana karatasi yake ilisema jambo jingine. Akauza kamio, akawarudishia akina mama mtaji wao, na orodha yetu ya bei ikaenda pamoja na mlango wake. Kila aliyemwuliza ilikuwaje, alijibu kwamba alikosea mwenyewe kujaza fomu. Sikuwahi kusikia kwamba ametaja jina langu popote, na niamini, nilikuwa nimetega masikio. Angenitukana mbele ya watu ningepona haraka zaidi.

Baadaye alipata kazi ya kuendesha gari la mwingine upande wa Kinsevere. Mimi nikaacha kabisa kuandika habari za usafiri, na kama kuna msomaji aliyejiuliza kwa nini, basi leo amejua. Nilijifunza hata njia za kuzunguka ili nisipite mtaa wake, mtu mzima na mvi zangu. Siku moja tulikutana barabara ya Luano. Alisimamisha gari palepale, wa nyuma wakapiga honi, akashuka kuja kunisalimia. Mkono wake ulikuwa na grisi, akanipa kifundo cha mkono nikishike. "Yaya, umepotea," akasema, akaniuliza watoto wanaendeleaje, mmoja mmoja, kwa majina. Nikasema kazi nyingi, ndugu yangu, kazi nyingi. Neno la kuomba msamaha lilikuwa fupi kuliko hilo, nami sikulisema.

Nimewaza sana juma hili juu yetu sisi tunaoandikia wengine. Katika mji huu mtu akijulikana kuwa anaandika vizuri, hachoki kuletewa karatasi: za kiwanja, za shule, za hospitali, za bima. Tunaona fahari. Tunashauri ujanja uliokwisha kuzoeleka, tunajaza, kisha tunamsogezea mwenzetu kalamu aweke sahihi yake, siyo yetu. Siku karatasi inaposomwa na mtu mwenye macho makali, sisi tuko nyumbani tunakunywa chai. Na ile bei nafuu tunayoipenda sote, tunayoidai kwa kelele kila tunapokodi gari la kuhamisha vitanda, imeondolewa mahali fulani, na mara nyingi imeondolewa kwenye kile ambacho kingemwokoa dereva siku ya mabaya.

Hayo ni ya kuwaza. Lakini nilipofika kwenye kilio nilifanya nini? Binti yake alikaa kando yangu kwenye kiti cha plastiki, macho yamevimba, akanisomea ya kuandika: alizaliwa wapi, alioa lini, watoto wangapi. Kisha akasema, "Andika na hii: papa hakujua mambo ya karatasi, njo maana kamio ilipotea. Tusifiche, bantu bote banajua." Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilitazama karatasi, nikatazama watu, nikaona ukoo wote upo pale. Nikaandika. Nasema tena ili nisilipite haraka: niliandika. Na kwa kuwa nina sauti ya kusomea, wakaniomba niisome mwenyewe makaburini, nami nikasoma mstari ule kama mingine yote.

Tuliporudi, watu wakiwa wananawa mikono mlangoni, mama mmoja wa makamo alinivuta pembeni. Sikumfahamu.

"Papa, njo weye ulikuwaka mu telefone," akasema. "Siku ya mahindi. Simu yake ilikuwa inasema kwa nguvu, shiye bote batatu tulisikia. Tulimuuliza ni nani, akakatala kusema. Leo ulipoanza kusoma, nikajua ile sauti." Alinitazama bila ukali wowote, akikausha mikono kwenye kitenge chake. "Na leo tena unamusemea uongo, mpaka pa kaburi?"

Akarudi ndani kwa wenzake. Jioni ileile, kabla jua halijazama, nilimtafuta binti nikamweleza yote, tangu fomu hadi simu. Alisikiliza akiwa amesimama. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Sasa mbona ulikubali kuandika, pale nilikuambia?" Nilijibu kwamba niliogopa. Akasema, "Papa naye aliogopa siku ile. Alikuwa na watoto sita." Kisha akaniambia kwamba siku ya kumaliza kilio watu wote watarudi, na mimi nitasimama mbele yao. Hakuniomba. Aliniagiza, na ilikuwa haki yake.

Nitasimama. Fundisho nililolipata nimelilipia kidogo mno, maana mwingine alikwisha kulilipa kwa kamio yake: ukimjazia mwenzako karatasi, jaza kile ambacho wewe mwenyewe ungethubutu kukisema mbele ya wenye mali, na kama huthubutu, mrudishie kalamu yake. Najua wengi wenu hamtakuwepo siku hiyo, kwa hiyo swali la fomu ile nalijibu hapa, kwa mwandiko uleule. Mahindi yalikuwa ya akina mama watatu. Uongo ulikuwa wangu.