Maji ya Kutasa

Mji ule wa mlimani, upande wa Werugha, ulikuwa na shule moja ya kufundishia walimu, kanisa, na nyumba chache zilizojipanga kando ya njia kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa. Asubuhi ukungu ulifunika kila kitu, kisha kengele ikalia, na vijana wenye kanzu nyeupe wakatokea ndani yake. Mimi nilikuwa nimetoka Voi, kwenye joto na vumbi na masizi ya gari la moshi. Nilipouona mji ule mara ya kwanza nilitamani kulia. Nilidhani mahali palipopangwa vile hapawezi kukaa uongo.

Niseme kwanza jinsi nilivyojifunza kusoma, maana hofu zangu zote zimeanzia hapo. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa mchukuzi katika duka la familia moja ya Kiislamu kutoka pwani, karibu na stesheni, na herufi zangu nilizipata kwenye makasha na magunia. Nilimuuliza karani huyu jina la herufi hii, na msafiri yule jina la ile, kisha nikaenda nyuma ya duka nikaandika mchangani. Herufi moja ikipinda nilifuta mstari mzima. Hata ndotoni nilikuwa nakosea na kufuta.

Basi siku ya kwanza shuleni, nilipopewa kibao, niliandika vizuri kadiri nilivyojua. Darasa likaangua kicheko. Herufi zangu zilikuwa na mapengo: O yangu ilikatika juu na chini, A yangu ilikatika miguuni. Ndivyo zilivyo kwenye makasha, kwa sababu wino hupakwa juu ya bati lililotobolewa, na bati hilo lisipoachiwa vishikizo katikati ya herufi litadondoka vipande. Mimi sikulijua hilo. Nilidhani mapengo ni sehemu ya herufi, na nilikuwa nimeyapima kwa uangalifu mkubwa.

"Huyu anaandika kama gunia!" mmoja akasema.

"Bwana Gunia, una ratili ngapi?"

Aliyewanyamazisha ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, ambaye wakati ule alikuwa mwalimu msaidizi. "Chekeni," aliwaambia. "Lakini nionyesheni hapa neno lililokosa herufi. Hakuna. Sasa tuangalie vibao vyenu."

Nililala nyumbani kwake, nikala chunguni mwake. Jioni alinishika mkono akanifundisha kuunganisha herufi, huku mkewe akilalamika kwamba tunammalizia mafuta ya taa. Mimi nina tabia ya kukiri. Jambo likiwa moyoni mwangu sipati usingizi mpaka nimemwambia mtu, na mtu wangu alikuwa yeye. Nilimwambia kila nililoliwaza, hata mambo ya aibu. Alisikiliza yote, akasema, "Basi, ndugu yangu mdogo, lala sasa."

Mvua zikiisha, darasa la walimu lingemchukua mmoja kati yetu sisi wanafunzi wapya. Mzungu mkuu wa shule alikwisha sema mbele ya wote kwamba kibao changu ndicho kisafi kuliko vyote. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Ilikuwa njia yangu ya kutorudi kubeba makasha, na zaidi ya hapo, ilikuwa mtu mwingine kuniambia kwamba sijakosea.

Hapo ndipo habari ilipokuja kutoka kwetu Sagalla. Mama alikuwa mgonjwa, amekataa chakula. Mzee aliyeitwa kumwangalia alisema kuna hasira ya mtoto wake juu yake. Ilikuwa kweli. Mama hakutaka nipande mlimani, tulikosana, nikaondoka bila kumuaga. Nilitakiwa niende nikatase.

Kwa asiyejua desturi yetu: mwenye hasira hujaza mdomo maji, au pombe ya miwa, kisha hupuliza nje na kuitaja hasira yake kwamba imetoka. Ni lazima iwe kweli, asibakize kitu moyoni. Sisi Wataita tunaamini hasira iliyofichwa humla mtu wa nyumbani kwanza. Lakini shuleni kutasa kulikatazwa kabisa. Mwanafunzi aliyeonekana akitasa alifukuzwa.

Nilimuuliza binamu nifanye nini. Tulikuwa tukichuma mboga nyuma ya nyumba yake. Hakunyanyua hata kichwa.

"Mama ni mama," alisema. "Nenda ukatase."

"Na Mzungu?"

"Mzungu yuko hapa, mama yuko Sagalla. Nani atamwambia? Mimi sijasikia kitu. Hizi kabichi hazijasikia kitu." Akanirushia jani usoni, tukacheka.

Nilikwenda. Nilijaza maji mdomoni mbele ya mama, nikapuliza, yakanichuruzika kidevuni hadi kifuani. Nikaona nimeharibu, nikaomba nirudie. Mara ya pili nilikohoa katikati. Mara ya tatu mama, aliyekuwa hajanyanyuka kitandani siku nyingi, aliketi akasema, "Mtoto huyu ataimaliza mitungi ya watu! Maji ya Sagalla haya, hayachotwi mlangoni. Imetoka, mwanangu, imetoka. Nipeni uji." Nilirudi mlimani mwepesi kama mtu aliyetua mzigo, na usiku ule nilimsimulia binamu yote, kidevu na kikohozi na mitungi. Alicheka mpaka akafuta machozi.

Jumapili iliyofuata, watu wakitoka kanisani, Mzungu aliniita kando.

"Umetasa?"

Sikuweza kusema uongo. "Ndiyo, Bwana."

"Mara tatu?"

Nilimtazama. Sagalla yote ilijua kwamba nimetasa. Lakini kutoka Sagalla hakuna aliyekuwa amepanda mlima ule. Mara tatu ilijulikana na mtu mmoja tu pale mjini, na mtu huyo alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa akikusanya vitabu vya nyimbo, amenipa mgongo.

Nafasi yangu alipewa shemeji wa binamu, mdogo wa mkewe, kijana ambaye kibao chake kilifanana na nyayo za kuku.

Nilimkuta binamu akinifungia vitu vyangu kwa utaratibu, kama ndugu mwema anayemsafirisha nduguye. Hata hilo liliniuma, kwamba alikuwa amekunja blanketi langu vizuri kuliko ninavyolikunja mimi.

"Niliulizwa," alisema.

"Uliulizwa nini?"

"Kama namjua mwanafunzi yeyote aliyetasa. Mimi ni mwalimu. Ningesemaje?"

"Ulimwambia ni nani aliyenituma?"

Alikaza fundo la kamba. "Hilo hakuuliza."

Nikashuka Voi. Duka lilinipokea, makasha yakanipokea. Mke wa tajiri wangu aliona nikiandika jina la mteja kwenye gunia, akainama kutazama. "Mashallah, umeshuka na hati nzuri, mwanangu. Wenzio hushuka na mafua tu." Alitaka kunifurahisha. Lakini kila nilipoandika nilihisi mkono wa binamu juu ya mkono wangu, maana hati ile alinipa yeye. Nilijaribu kurudia herufi zangu za mapengo, nikashindwa. Mkono ulikwisha zoea kuunganisha. Sijui kama mtu asiyesalitiwa na mwalimu wake ataelewa jambo hili: alichukua nafasi, lakini pia alichukua hata vile nilivyokosea mwenyewe kabla sijamjua.

Mwaka ukapita. Siku moja mchana nikamwona amesimama nyuma ya duka, karibu na madebe matupu, kanzu yake imekuwa nyekundu kwa vumbi hadi magotini. Alikuwa amekonda.

"Mtoto wangu anaumwa," alisema. "Homa haishuki. Dawa za misheni amekunywa zote. Bibi yetu amekwenda kwa mganga kuuliza." Akatazama huku na huku. "Wamesema ni hasira. Ya ndugu."

Nilijua anachotaka kabla hajakitamka. Nilitaka akitamke.

"Unataka nini, kaka?"

"Uje utase."

Nilicheka. Sikupenda kicheko changu. Nikamwambia, "Nitakuja. Lakini kwanza nenda kwa Mzungu, umwambie ni wewe uliyenituma Sagalla."

"Nitafukuzwa."

"Najua inavyokuwa."

"Mtoto hana kosa," alisema. Mtoto hakuwa na kosa kweli. Siku nilizokaa kwao nilikuwa nikimbeba mgongoni.

Tulipanda pamoja. Mji nilioudhani mkubwa ulikuwa nyumba chache tu na kengele. Bibi yetu, mama wa mjomba, alikuwa amempeleka mtoto kwenye nyumba yake ya nyasi, chini ya migomba, mahali pasipoonekana kutoka shuleni. Alfajiri, ukungu ungali mzito, akanipa kata ya maji. Mtoto alikuwa mapajani mwake, midomo imemkauka. Binamu alisimama ukutani, akafumba macho na kufumbata mikono, kama kanisani.

Nilijaza mdomo, nikapuliza. Safari hii hayakuchuruzika hata tone. Nikasema, "Kama kuna hasira yangu juu ya mtoto huyu, imetoka yote. Awe baridi. Ale, acheze." Nilisema kweli. Nilijikagua moyoni kama ninavyokagua mstari, sikuona kosa.

Bibi alinitazama. "Umesema ya mtoto," alinong'ona. "Na ya baba yake?"

Nikajaza mdomo tena. Nilitafuta neno. Niliwaza blanketi lile lililokunjwa. Niliwaza jinsi alivyocheka usiku ule mpaka machozi, na mpaka leo sijui kama wakati akicheka alikwisha amua. Nilijua nikipuliza nitakuwa nimesema uongo, na kutasa kwa uongo ni kubaya kuliko kutotasa. Maji yalikuwa yameanza kupata joto mdomoni. Nikayameza.

Kengele ya shule ikalia. Binamu akafumbua macho, akaona kata iko tupu, akanishika mikono yote miwili. "Asante, ndugu yangu mdogo. Asante sana." Akajifuta uso, akatoka mbio apate kuwahi kabla hawajaita majina.

"Nimeona," bibi alisema.

"Najua, bibi."

"Yatakusumbua hayo."

"Yananisumbua tangu mwaka jana."

Hakunigombeza. Alimgeuza mtoto, akamgusa shingo, akaniambia nichukue mua mmoja mlangoni wa kula njiani. Nilikuwa nimefika kwenye bonde niliposikia mtoto akilia nyuma yangu kwa nguvu, kilio cha kutaka kula. Nilisimama nikakisikiliza mpaka kikanyamaza, kisha nikateremka kuelekea Voi.