Miwani mbili za 3D, kanga moja, na mama mkwe wangu wa Tongoni

Wakuu, habari za jioni. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na mke wangu anasoma hapa pembeni, kwa hiyo hata chumvi siwezi kuongeza.

Nilichukua miwani mbili za 3D kwa muuzaji hapa Tanga mjini, za kutazamia picha kwenye kompyuta. Vioo vyake hufunga jicho moja moja kwa zamu, haraka mno, mpaka picha inatokeza nje ya skrini.

Moja ya waya, ya kizamani, inapepesa kidogo. Nyingine haina waya, inapokea signal ya kompyuta hapo juu ya pua. Makubaliano: nijaribu, moja nirudishe.

Moyo wangu ulishaangukia isiyo na waya. Picha imetulia, kichwa hakiumi.

Sasa, baba mkwe kabla hajafariki nilimpiga picha za 3D barazani kwake. Mama mkwe hakuwahi kuziona, na nilitamani sana azione. Akaja kutoka Tongoni.

Tatizo adabu. Tangu nioe, mama hajanisemesha moja kwa moja. Kila neno linapitia kwa Mwanaidi, mke wangu, hata tukiwa chumba kimoja.

Mwanaidi akamvisha ile isiyo na waya. Mama akamgeukia.

"Mwambie mumeo, marehemu kawa na pua mbili."

Nikabadili settings, nikazima taa, nikawasha upya. Pua bado mbili. Jasho likanitoka.

Kumbe kwa kunistahi mimi, mama kashusha pindo la kanga katikati ya macho mpaka juu ya pua, kaziba pale pa signal, vioo havifungi kwa zamu, anaona picha mbili kwa pamoja. Nani amwambie mkwe afunue kichwa? Si mimi.

Ikabidi ya waya. Hiyo kanga haiisumbui. Waya mfupi, mama akasogea hadi kwenye kompyuta, nami kwa adabu nikampisha, nikasimama nje dirishani.

Akatazama sana. Kisha akanyoosha mkono hewani, taratibu.

"Kofia umeipinda tena," akamwambia mumewe.

Mwanaidi akaanza kulia. Mimi nikajidai naangalia kuku.

"Wewe mkwe wa dirishani," mama akasema, "njoo uniwekee picha nyingine."

Wakuu, niliingia ndani mbio kwa furaha.

Isiyo na waya nimeirudisha. Funzo: kabla hujasifia kifaa, jua atakayekivaa anavaa nini kichwani.

Anayejua waya mrefu unapopatikana aseme hapa. Mama anataka kumtazama mumewe akiwa kakaa mkekani, kama walivyozoea.