Viwanja vya Nukta Pwani

Kila asubuhi mwenye saiba, duka la intaneti la Mwabungo, hupangusa kibodi kwa ncha ya kikoi, akaleta bismillahi, kisha akakagua viwanja vyake bila kuinuka kitini. Viwanja hivyo ni majina ya mtandao aliyoyanunua akitaraji hoteli za Diani zitakuja kumbembeleza, yote yakiishia kwa .pwani, mkia ambao Mwanapili, muuza mahamri wa mlangoni, hajapata kumsikia mtu mwingine akiutaja. Huandika jina, husubiri, na ukurasa mtupu ukitokea hushusha pumzi. "Alhamdulillahi, hakijavamiwa," husema, kwa sauti ya mtu aliyeketi kando ya mgonjwa.

Jana alipata habari kwamba kampuni ya ng'ambo yenye mkia huo inafikiria kuufunga. Akapangusa kibodi mara ya pili. "Mwanapili, nawe nyumba yako iko kwenye shamba la watu. Mwenye ardhi akiitaka, utafanyaje?"

"Mie nimepanda minazi," Mwanapili alimjibu. "Atanilipa minazi yangu kwanza, ndipo nihame."

Vidole vya mwenye saiba vilibaki vikielea juu ya kibodi. Leo Mwanapili alipompelekea mahamri, alichungulia. Jina liliandikwa, ukurasa ukafunguka, na katikati ya weupe ule palikuwa na picha ya mnazi. Kiwanja cha pili, mnazi. Cha tatu, alikuwa ndiyo kwanza anaupanda.

"Mdogo huo," Mwanapili akamwambia. "Watakulipa bei ya mche."

Mwenye saiba akaukuza hadi ukajaza skrini.